Udongo wa Polima Haukauki, Unaiva

Jana nimetumiwa tena picha ya mzuka wa udongo wa polima aliyekatika shingo. Mweupe, mashavu ya waridi, macho mawili madogo kama vichwa vya pini, na kichwa kimelala ubavuni mwa mwili. Maelezo yalikuwa yale yale: "Nilimwacha akauke dirishani siku mbili, halafu nikamwoka dakika 10 kumalizia. Mbona amevunjika?" Kazi ya mikono ya mtu, zawadi ya mtoto, imeharibika kwa sababu ya neno moja. Halloween ni tarehe 31 Oktoba, muda bado upo, kwa hiyo nasema leo na nasema kwa herufi zote: udongo wa polima haukauki. Unaiva.

Najua kosa linakoanzia. Tunauita udongo, na wahenga walishatuambia udongo uwahi ungali maji. Ni kweli kabisa, kwa udongo wa mfinyanzi. Huu wetu hauna tone la maji, wala haukuchimbwa ardhini. Ni unga laini sana wa plastiki ya PVC uliokandwa na kilainishi chenye asili ya mafuta, pamoja na rangi. Joto likifika kiwango chake, chembe za PVC hukinyonya kile kilainishi, zikavimba, zikashikana zikawa mwili mmoja. Hakuna maji ya kutoka, ndiyo maana kijisanamu hakisinyai kama chungu. Upo udongo mwingine unaokauka kwa hewa, na ni mzuri kwa kazi zake, lakini ni kitu tofauti kabisa. Soma pakiti.

"Lakini wangu asubuhi niliukuta mgumu!" Nasikia hili kila mara, na hapa naomba tuelewane vizuri. Uliulaza juu ya karatasi, sivyo? Karatasi imenyonya kilainishi. Inua udongo utazame chini yake, utaona doa la mafuta. Huo haujakauka, umeibiwa kile kile ambacho PVC ilikihitaji ili ishikane. Ukiuoka hivyo utapata kitu kinachomeguka kama biskuti. Na ukiuacha kwenye jua kali, jua linaweza kuanza kuuivisha nusunusu, ukawa mgumu nje kabla hujamaliza hata kuchonga tabasamu. Fanyia kazi juu ya kigae cha kauri au kioo, na usiku ufunike mahali pa baridi. Ukishakuwa mkavu kidogo, tone moja la mafuta ya watoto na kuukanda kwa subira huurudisha. Tone moja, si kijiko.

Sasa shingo. Mwaka 1943 Konrad Lorenz, mtaalamu wa tabia za wanyama, alieleza kwa nini watoto wachanga hutuyeyusha moyo: kichwa kikubwa kuliko mwili, paji pana, macho makubwa yaliyokaa chini usoni, mashavu ya duara. Sisi tunaotengeneza vijisanamu vya kupendeza tunatumia kanuni hizo hizo hata kama hatujui jina lake. Shusha macho chini ya nusu ya uso, yatenganishe, mdomo uwe mdogo na uwe karibu na macho, basi hata popo na mchawi wanakuwa wa kukumbatiwa. Lakini angalia tumefanya nini: tumeweka kichwa kizito juu ya shingo nyembamba. Umbo linalopendeza ndilo linalovunjika kwa urahisi zaidi, na shingo mbichi haiwezi kubeba mzigo huo. Pitisha kipande cha waya kutoka kichwani hadi kiwiliwili. Kisha oka kwa muda wake wote.

Muda huo ni upi? Ule ulioandikwa kwenye pakiti. FIMO, chapa moja ya udongo huu, wanasema nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 30. Premo, chapa nyingine, ni nyuzi 130, dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene. Unene, si ukubwa. Hapa ndipo boga la Halloween linapowaangusha watu: donge la udongo mtupu la sentimita 4 lina safari ndefu hadi katikati. Kwa hiyo boga langu huanza na foili. Naikunja, naibana, naibiringisha juu ya meza mpaka iwe ngumu kama kokoto, kisha naivika udongo wa milimita 5 hivi kila upande, nikitoa hewa kwa kidole gumba. Mifereji naibonyeza kwa mgongo wa kisu kutoka juu kwenda chini, kikonyo cha kijani mwisho. Linakuwa jepesi na linaiva lote.

Halafu oveni. Kitufe chake kinakuambia unachotaka, hakikuambii ulichopata. Nunua kipimajoto, kiweke pale pale kijisanamu kitakapokaa, na subiri joto litulie kabla ya kuingiza kitu. Kwenye oveni ndogo waya za joto ziko karibu mno, na kichwa cha mzuka mweupe hugeuka kahawia wakati miguu bado mbichi. Hapo mtu huogopa, hupunguza dakika, na shingo inakatika. Usipunguze dakika. Mfunike mzuka kwa hema la foili. Weupe unaharibiwa na joto lililozidi, si na muda uliotimia. Udongo ukianza kutoa moshi, hilo ni jambo jingine: PVC inaungua na moshi wake una gesi kali. Zima, fungua madirisha, toka chumbani.

Ukimtoa atakuwa laini kidogo. Usimrudishe kwa hofu, na usimbonyeze. Ugumu wake huja akipoa. Kuhusu namna ya kumpoza, sina jibu moja. Kuna wanaotumbukiza kwenye maji ya barafu, na kwa udongo unaopenyeza mwanga nimeona unang'aa zaidi. Kwa vitu vinene nimejaribu hivyo, nimejaribu pia kuviacha vipoe ndani ya oveni iliyozimwa, na nyufa nimezipata kwa njia zote mbili. Siku hizi naacha vipoe polepole, kwa mazoea zaidi kuliko kwa ushahidi.

Kipimo ninachokiamini ni hiki: oka ukanda mwembamba wa udongo ule ule kando ya kazi yako. Ukipoa, ukunje. Ukipinda na kurudi, umeiva. Ukikatika papo hapo, uko mbichi, au udongo wenyewe ni wa aina dhaifu. Aina laini zinazouzwa kwa ajili ya watoto hukatika zikiwa nyembamba hata zikiiva, kwa hiyo usizitumie kwa masikio ya popo.

Rangi ya kucha usipake juu. Inang'aa wiki ya kwanza, kisha hunata na kukusanya vumbi, kwa sababu kemikali zake hazipatani na kilainishi. Tumia vanishi ya maji, au usipake kitu.

Na wewe mwenye mzuka aliyekatika shingo, usimtupe. Udongo ulioiva nusu unaweza kurudi kwenye oveni hata mara kadhaa. Toboa tundu dogo kichwani na jingine mwilini, ingiza waya, paka udongo wa polima wa majimaji kwenye jeraha, unganisha. Ufa ufiche kwa skafu ndogo ya rangi ya chungwa. Mfunike kwa foili, mwoke dakika zake zote, na usifungue mlango kuchungulia.