Je, ni bahari inayopanda au ni ardhi inayotitia?

Mkaazi wa Mombasa akiona maji ya bamvua yamefika juu ya pale alipoyazoea ukutani, husema moja kwa moja kwamba bahari imeongezeka. Huenda ni kweli, lakini jicho peke yake haliwezi kuthibitisha, kwa sababu ukuta anaoutumia kuwa alama nao umesimama juu ya ardhi, na ardhi huweza kushuka. Bahari ikipanda sentimita moja, au ukuta ukititia sentimita moja, maji yatagusa jiwe lile lile. Ni kama kumpima mtoto kimo kwenye mwimo wa mlango ilhali nyumba yenyewe inazama. Basi wapimaji hutenganishaje mambo haya mawili?

Kazi huanzia gatini. Huko Liwatoni, upande wa Kilindini, kuna mtambo wa kupimia kimo cha bahari unaotunzwa na Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya (KMFRI), ambao kumbukumbu zake za kisasa zinaanzia mwaka 1986 na ambao ni mmoja wa vituo vya mtandao wa dunia uitwao GLOSS. Mitambo ya zamani ya aina hii ilijengwa kwa ustadi wa kupendeza. Bomba pana husimamishwa wima majini, likiwa na tundu dogo tu upande wa chini, kiasi kwamba mawimbi ya upepo na ya meli zinazopita hayapati nafasi ya kuingia, lakini maji yanayojaa na kupwa kwa muda wa saa sita hupita taratibu bila kizuizi. Ndani ya bomba huelea boya lililofungwa waya, nao waya huendesha kalamu inayochora mstari kwenye karatasi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa zaidi na rada inayoning'inia juu ya maji, ikipiga mawimbi ya redio kuelekea chini na kuhesabu muda yanaotumia kurudi. Hata hivyo, tundu likizibwa na matope au na viumbe wenye magamba wanaoganda kwenye nguzo za gati, mchoro hupotoka bila mtu kugundua, na ndiyo maana anayesafisha mtambo huo ana umuhimu sawa na anayechambua takwimu zake.

Ugumu wa kazi hii utauona ukilinganisha vipimo. Wakati wa bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa Mombasa hupita mita 3. Kwa upande mwingine, wastani wa bahari za dunia umekuwa ukipanda kwa zaidi kidogo ya milimita 3 kwa mwaka tangu 1993. Kinachotafutwa, basi, ni kidogo karibu mara elfu moja kuliko kinachotokea mbele ya macho katika nusu siku. Isitoshe, hewa ikipungua mgandamizo kwa milibari moja, bahari huinuka takriban sentimita moja. Pepo za kusi na kaskazi husukuma maji kila moja kwa namna yake. Na katika miaka kama 1997 na 2019, maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi yalipata joto kupita kawaida, yakatanuka na kusimama juu zaidi. Mwezi nao una mzunguko wa miaka 18.6 unaobadilisha nguvu za maji kujaa na kupwa. Ndiyo sababu kumbukumbu ya miaka mitano haitoshi kutoa hukumu, na kila pengo katika kumbukumbu ni hasara isiyofidika, kwa kuwa bahari ya jana haipimiki tena.

Hata kumbukumbu ikiwa safi, bado mtambo hupima umbali kati ya maji na gati tu. Kwa hiyo wapimaji huweka bikoni kadhaa, yaani alama za kudumu za kupimia kimo, kwenye mwamba na majengo ya karibu, kisha hurudi mara kwa mara na darubini na fito zao kuhakikisha kwamba gati halijashuka kuliko majirani zake. Endapo eneo zima linashuka kwa pamoja, bikoni hazitafichua lolote, na hapo huhitajika kipokezi cha mawimbi ya setilaiti za GPS, kilichokazwa imara na kuachwa kwa miaka mingi, kinachopima kimo cha ardhi kutoka katikati ya dunia. Tuseme mtambo unaonyesha maji yamepanda milimita 5 kwa mwaka, na kipokezi kilicho kando yake kinaonyesha ardhi imeshuka milimita 2: bahari yenyewe imepanda milimita 3.

Setilaiti nyingine, kuanzia TOPEX/Poseidon ya mwaka 1992, hupima uso wa bahari kwa rada kutoka kimo cha kilomita 1,336, zikirudia njia ile ile kila baada ya siku 10 hivi. Karibu na nchi kavu, hata hivyo, mwangwi wa rada huchanganyika na ule wa ardhi, hivyo haziwezi kuchukua nafasi ya mtambo wa Kilindini. Setilaiti za Sentinel-1 nazo hulinganisha picha za rada za tarehe tofauti na kuonyesha ni mtaa gani umeshuka milimita ngapi. Hufanya vyema penye majengo, na vibaya penye mikoko, ambako majani hayatulii.

Picha hizo zina faida hasa katika mji ambao ardhi yake si ya aina moja. Sehemu kubwa ya kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya kale, ambao haubonyei kirahisi kama matope ya Jakarta, mji ambao baadhi ya mitaa yake ya kaskazini iliwahi kushuka zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka kwa sababu ya kuvuta maji ya visima. Lakini penye vifusi na mchanga uliojazwa baharini, kama kwenye gati la pili la makontena huko Kipevu, ardhi ya aina hiyo kwa kawaida hujikandamiza kwa uzito inaobebeshwa.

Tofauti hii kati ya bahari kupanda na ardhi kutitia ina maana kubwa kwa anayepanga mji. Tokyo ilipodhibiti uvutaji wa maji ya chini, mitaa yake iliyokuwa ikizama ilikoma kwa kiasi kikubwa. Hiyo ni amri ambayo mji unaweza kujitolea wenyewe. Bahari inayopanda kwa joto la dunia haisikii amri ya kaunti, na dawa yake ni kuinua kuta, mitaro na majukwaa ya feri ya Likoni kwa kiwango kilichopimwa. Kwa maoni yangu, fedha za kwanza ziende kwa mtambo wa Liwatoni, bikoni zake na mafundi wake, kisha ndipo zinunuliwe picha za angani.