Oksimita ikisema 93, damu inaweza kusema 87

Oksimita ya kidoleni, kifaa kinachokadiria asilimia ya oksijeni kwenye damu, hupitisha mianga miwili kwenye nyama ya kidole: mwekundu wa nanomita 660, na wa nanomita 940 usioonekana kwa macho. Himoglobini (protini ya damu inayosafirisha oksijeni) isiyo na oksijeni hunyonya zaidi ule mwekundu. Iliyobeba oksijeni hunyonya zaidi ule mwingine. Mshipa unapopiga, kifaa hupata uwiano wa mianga hiyo na kuutafutia asilimia kwenye jedwali la kiwandani.

Shida inaanzia kwenye jedwali. Hutengenezwa kwa kuwavutisha watu wenye afya hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ya ateri, mshipa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, ikipimwa. Mwongozo wa Marekani wa 2013 uliridhika na watu 10, wenye ngozi nyeusi wakiwa angalau wawili au 15%. Wawili!

Desemba 2020, watafiti wa University of Michigan walichapisha matokeo yao. Oksimita ilipoonyesha 92 hadi 96, damu ya ateri ilikuwa chini ya 88 katika 11.7% ya vipimo vya wagonjwa weusi, na 3.6% vya weupe. Mapokezi ya dharura humtazama mgonjwa wa 93 na kumwambia akae benchi.

Piko na rangi ya kucha navyo huzuia mwanga, ila kosa lake mara nyingi hujitangaza: namba hushuka au mashine hukosa mapigo, muuguzi akabadili kidole. Melanini, rangi asilia ya ngozi, huelekea kupandisha namba, na nani huishtukia namba nzuri?

Kwa hiyo pasha vidole joto, futa kucha, tumia mkono usiofungwa kipimo cha presha, kinga jua. Subiri dakika nzima. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono. Yasipolingana na ya mashine, usiiandike hiyo asilimia. Kisha hesabu pumzi kwa dakika nyingine kamili, bila kukadiria. Weupe au ubuluu utafute kwenye ulimi na ndani ya mdomo wa chini. Mtu mzima anayepumua mara 28 na kukatisha sentensi simrudishi benchi, hata oksimita ikisoma 95. Namtolea damu ya ateri kama kipimo kipo. Kisipokuwepo, narudia oksimita: kutoka 97 hadi 93 ndani ya saa moja kunanitisha kuliko 93 peke yake.

Wapo wanaopunguza tatu kwa kila mgonjwa mweusi. Haisaidii, maana kosa halilingani kati ya mtu na mtu, wala kati ya kifaa na kifaa.