Kabla ya kumwita mkorofi, mpime sukari

Mzee alifika kliniki ya kisukari saa kumi na mbili asubuhi, akachukua namba, akakaa kwenye benchi. Ni fundi seremala, mtu mpole, akikuona lazima akuulize hali ya watoto mmoja mmoja. Saa nne na nusu alisimama akaanza kumfokea karani wa mafaili. Yalimtoka matusi ambayo sikudhani anayajua. Watu wakaguna. Mkewe akajifunika uso kwa mtandio. Mwenzangu alikwenda kumwita mlinzi.

Nilimshika mkono ili nimtoe nje, nikakuta umelowa jasho na ni wa baridi. Nikamketisha, nikamtoboa kidole. Mashine ikasoma 2.8 mmol/L, sukari imeshuka mno.

Tulimpa maji yenye vijiko vitatu vya sukari. Baada ya robo saa akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nimemtukana nani?"

Kosa lilikuwa letu. Tulimwambia aje bila kula ili tupime sukari ya asubuhi, lakini hakuna aliyemwambia vidonge asimeze mpaka ale. Alfajiri alikuwa amemeza glibenklamidi, kidonge chake cha kisukari, kama siku zote, na dawa ile hulisukuma kongosho kutoa insulini inayoshusha sukari, uwe umekula au hujala. Tangu siku hiyo nikimpa mtu miadi ya kuja na njaa, namwambia kwanza habari ya dawa, kisha ndiyo tarehe. Wanaojichoma insulini nao waulize mapema, maana si kila sindano ni ya kuacha.

Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini peke yake hula karibu moja ya tano ya nishati yetu, na hauna ghala la maana la kuwekea sukari. Ikishuka chini ya 4, mwili hupiga mbiu. Adrenalini humwagika, ileile inayomwagika ukikutana na mwizi gizani: moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka, jasho linatoka. Mwili umejiandaa kupigana, na aliye mbele ni mke, mtoto au karani. Wakati huohuo sehemu ya ubongo inayotuzuia kusema kila kinachokuja mdomoni imekosa chakula. Ikishuka chini ya 3, ulimi huanza kuwa mzito na miguu kupepesuka, na hapo wapita njia husema huyu kalewa. Linaniumiza sana hilo, kwa sababu aliyedhaniwa mlevi huachwa barabarani.

Hamaki ya sukari kushuka huja ghafla. Dakika kumi zilizopita alikuwa anacheka. Mara nyingi inaangukia kabla ya mlo, baada ya kazi nzito, au dawa ikimezwa na chakula kikachelewa. Kuna inayokuja usiku: mtu anaamka shuka zimelowa, kichwa kinamuuma, na asubuhi yote haongeleki. Walio kwenye propranololi ya presha au ya moyo wawe makini zaidi, kwa kuwa dawa hiyo huweza kuficha mtetemo na mapigo ya haraka. Jasho mara nyingi hubaki, basi wao walitazame hilo.

La kufanya ni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, au karibu nusu ya chupa ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Subiri dakika 15, pima tena. Bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, ale chakula. Andazi au chokoleti isiwe ya kwanza, mafuta huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Aliyepoteza fahamu usimtie kitu mdomoni, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Na kama mashine haipo, mpe sukari kwanza, maswali baadaye.

Sukari ikiwa juu, hali ni nyingine. Ikipita 10 hivi, figo huanza kuimwaga kwenye mkojo, na maji huifuata. Mtu anaamka mara nne, mara tano usiku, kiu haiishi, na mchana mwili ni mzito kwa sababu sukari imejaa kwenye damu bila kuingia inakotakiwa. Huyo halipuki. Ananuna, ana kisirani, kila kitu kinamkera, na hudumu hivyo wiki nzima. Hapo tunaangalia dawa, chakula na maradhi yaliyojificha, kwa mfano kidonda au homa.

Iko pia hasira ambayo kipimo hakiionyeshi. Mwaka 1995 mwanasaikolojia William Polonsky na wenzake walichapisha dodoso la maswali 20 kuhusu mzigo wa kuishi na kisukari, na mojawapo linauliza moja kwa moja kama unapata hasira ukifikiria kuishi na ugonjwa huu. Nikiwauliza wagonjwa wangu swali hilo, wengine hulia kabla ya kujibu. Kujitoboa kila siku, kununua vijiti vya kupimia wakati ada ya mtoto haijalipwa, kukaa harusini na kila jicho liko kwenye sahani yako. Wamechoka. Na sonona huwapata wenye kisukari takriban mara mbili zaidi ya wasio nacho. Kama kwa wiki mbili huna raha na chochote, mwambie mhudumu wako waziwazi, kama ungemwambia kidonda cha mguu. Ukiwaza kujidhuru, sema leo, usingoje miadi.

Sasa ninyi mnaoishi naye. Mke wa yule fundi alirudi mwezi uliofuata akilalamika kwamba sasa kila mumewe akikasirika yeye humwambia "kapime sukari," na mzee anazidi kuwaka. Nilimwelewa mzee. Mwenye kisukari ana haki ya kuudhika kama amedhulumiwa. Ukimjibu kila neno kwa sukari umemnyang'anya sauti yake. Niliwakalisha wote wawili, wakati hakuna ugomvi, wachague wenyewe maneno. Wakakubaliana mama atasema "baba, chai iko tayari," na mzee akiyasikia atapima bila ubishi. Ikisoma vizuri, mama naye anakaa kusikiliza lile linalomuudhi.

Ramadhani maneno hayo huwa na kazi zaidi, hasa saa ya mwisho kabla ya magharibi. Kupima hakufunguzi. Ikisoma chini ya 3.9 au juu ya 16.6, funga inakatwa hapohapo, hata kama adhana imebaki dakika tano.

Nyote mnaokuja kliniki na madaftari, ongezeni mstari mmoja pembeni ya namba: nilikasirika saa ngapi, na nilikuwa nimekula saa ngapi. Kwenye daftari la fundi tuliona hasira nne kwa wiki mbili, tatu kati ya saa tano na saa sita mchana, siku alizokwenda karakana na chai kavu. Daktari alimpunguzia dozi ya asubuhi. Ile ya nne ilikuwa mteja aliyekataa kulipia kabati.