Kadi ya gemu ama Quadro? Kwanza niambie unatumia programu gani

Hili swali naletewa WhatsApp karibu kila wiki: "Fundi, nimeonyeshwa kadi ya grafiki ya Quadro hapa Luthuli, mtaa wa kompyuta Nairobi, wananiambia hii ni ya kazi, sio ya vijana wa gemu, nibebe?" Quadro ni jina la NVIDIA la kadi zake za kazi, za gemu zinaitwa GeForce. Mimi huwa siongei kuhusu hiyo Quadro kwanza, nauliza unafanya kazi na programu gani, juu watu wengi wanaamini kadi ya kazi ni kadi yenye nguvu zaidi, na hapo ndipo pesa inaliwa.

Chukua RTX 3060 na RTX A2000, zote za 2021. Ya kwanza ni GeForce ya gemu, ya pili ni ya kazi, mrithi wa Quadro, lakini chipu iliyo ndani ni ileile, GA106. 3060 iko na viini 3,584 vya CUDA (vile vidogo vinavyofanya hesabu) na inaruhusiwa kula hadi wati 170, A2000 iko na 3,328 na imefungiwa kwa wati 70, kwa hivyo lazima ikimbie polepole. Na bado ilitoka kiwandani ikiwa dola 449, 3060 ikiwa 329. Sasa hiyo tofauti unalipia nini kama sio kasi? Unalipia draiva na cheti. Wenye SolidWorks, Siemens NX, Creo na CATIA, programu za kuchora mashine, wanapima kadi za kazi na draiva zake, wanasema hii na hii tunaisimamia. Ukiwa na GeForce kwa SolidWorks kile kitufe cha RealView, cha kuonyesha mchoro kama kitu halisi, kinabaki kijivu, bonyeza mpaka uchoke, na ukizungusha asembli kubwa ya sehemu mia kadhaa unaona inaanza kukwamakwama wakati kwa gemu hiyohiyo kadi inapaa. Kwa hivyo kama wewe ni injinia wa mashine na mkate wako unatoka SolidWorks, nunua ya kazi, hapo sibishani na mtu.

Lakini wengi wanaoniuliza sio hao, ni maakiteki na watu wa video.

Akiteki, nisikilize. AutoCAD ya 2D haina shida na kadi, inataka prosesa yenye kiini kimoja chenye mbio, na Revit kwa sehemu kubwa ni hivyohivyo. Kadi inaanza kutoka jasho ukifika kwa Lumion, Enscape ama Twinmotion, zile za kugeuza mchoro kuwa picha kama halisi, na Twinmotion imejengwa juu ya Unreal Engine ambayo ni injini ya gemu, sasa kadi ya gemu itakosaje kuiweza? Kitu cha kuangalia hapo ni memori ya kadi. Ukipanda miti yote ya msitu wa Karura kwa mchoro wako na kadi iko na GB 4, itakwama tu hata iandikwe jina gani. Ndio maana 3060 ya GB 12 naipenda kuliko 4060 ya GB 8 kwa hii kazi, ingawa 4060 ni mpya zaidi na inakula stima kidogo, wati 115. Blender ya 3D nayo usiwaze sana, Cycles, injini yake ya kutoa picha, ikiwekwa kwa OptiX ya NVIDIA inatumia viini vya RT vya kukokotoa mwanga na haijali kama uko na cheti.

Watu wa video za harusi, nyinyi pia hamhitaji Quadro, ila kuna kamtego. Kamera nyingi za siku hizi zinarekodi HEVC ya 4:2:2 biti 10, aina ya faili ya video yenye rangi nyingi zaidi, na RTX za 30 na 40 (kama 3060 na 4060) haziwezi kuifungua zenyewe, iwe ya gemu ama ya kazi. RTX za 50 zinaweza, na Intel ya kizazi cha 11 kuendelea inaweza pia kama prosesa iko na grafiki yake ya ndani. Kwa hivyo usichukue ile Intel inayoishia na F halafu unipigie simu kwamba taimlaini inaruka.

A2000 naiuzia nani basi kama sio wa SolidWorks? Mtu mwenye OptiPlex ndogo ya ex-UK, yaani kompyuta ya Dell ya mtumba kutoka Uingereza. Vile visanduku vyembamba pawasaplai yake ni ndogo, haina waya wa ziada wa kadi na huwezi kuibadilisha kirahisi juu ni ya Dell peke yake. A2000 ni fupi, inavuta stima yote kutoka kwa sloti, unaichomeka na kazi imeisha. Usisahau adapta tu, matundu yake manne yote ni DisplayPort ndogo. Pia iko na memori ya ECC inayojisahihisha, ukiwa unafanya simulesheni za usiku kucha utaithamini, mwingine hata hatajua iko.

Zile Quadro za bei ya kutupwa ndizo zinaniudhi. Quadro K2000 ni ya 2013, GB 2, viini 384, na bado utaipata imepanguswa vumbi inaitwa "ya kitaalamu". GTX 1650 ya kawaida tu inaiacha mbali, na hiyo K2000 draiva zake mpya zilishakatwa kitambo.

Upande wa gemu nao uko na wezi wake. Ukionyeshwa GTX 1050 Ti iko na tundu la buluu la VGA, kuwa na wasiwasi, chipu za Pascal, familia ya hiyo kadi, hazikutengenezwa kutoa VGA, na mara nyingi hiyo ni kadi ya zamani sana iliyoandikwa jina upya. Usikubali mbuzi kwa gunia: mwambie muuzaji aichomeke kwa mashine hapo kaunta, fungua GPU-Z, programu ya kusoma kadi, kama ni ya kubandikwa jina itakuandikia FAKE mbele ya jina. Akianza kusema ati monita haiko leo, vuka barabara, maduka ni mengi.