Kurekodi upasuaji kwa video: maana yake

Mgonjwa akishapigwa nusu kaputi, hana habari tena. Ndugu zake wako kwenye benchi nje ya thieta, macho mlangoni. Kazi ikiisha, kinachoingia kwenye faili ni maelezo mafupi ya daktari mwenyewe: tumefungua hapa, tumekuta hiki, tumeshona. Kurekodi upasuaji kwa video ni kuongeza ushahidi mwingine juu ya maelezo hayo, ambao mtu mwingine anaweza kuutazama baadaye.

Jina ni moja lakini mambo ni mawili, na wanaobishana juu yake mara nyingi kila mmoja ana lake kichwani. Lipo la kurekodi kazi ya mikono, ambapo kamera inaona sehemu inayopasuliwa tu. Na lipo la kurekodi chumba kizima, ambapo kamera iko juu ukutani au darini, inaona nani kaingia, nani katoka na nani kashika kisu.

Hilo la kwanza ni la zamani. Mwaka 1898 daktari Mfaransa Eugène-Louis Doyen alipigwa filamu akipasua, na mwaka huohuo akaionyesha kazi yake kwa madaktari mjini Edinburgh. Alitaka wanafunzi waione, na yeye mwenyewe ajione anapokosea. Mwaka 1902 aliwatenganisha mapacha walioungana, Radica na Doodica, kamera ikiwa inazunguka. Mmoja wa wapiga picha wake akauza nakala, zikaenda kuonyeshwa kwa watu wa mitaani kama kivutio cha maonyesho. Doyen akamshtaki, akashinda mwaka 1905. Kesi ile ilikuwa ya daktari na mpiga picha. Kuhusu haki ya mapacha wenyewe juu ya picha za miili yao, haikuwa na neno.

Siku hizi kurekodi kazi ya mikono kumerahisishwa sana na upasuaji wa matundu madogo. Tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili liinuke, kisha kamera nyembamba hupitishwa kwenye tundu karibu na kitovu. Wote humo ndani wanatazama skrini. Kioo cha kamera kikishika ukungu, hutolewa, huchovywa kwenye maji ya moto, hufutwa kwa kitambaa safi na kurudishwa. Picha ipo tayari, kwa hiyo kurekodi ni kubonyeza kitufe. Kwenye upasuaji wa kufungua ndiko kuna kazi: kamera hufungwa kwenye taa ya thieta au kichwani mwa daktari, na mara nyingi vichwa na mabega huziba kila kitu.

Faida yake ilionekana katika jimbo la Michigan, Marekani, kwa utafiti uliochapishwa mwaka 2013. Wapasuaji 20 wanaopunguza mfuko wa chakula ili mgonjwa apungue uzito walitoa kila mmoja video ya kazi yake, wenzao wakazitazama bila kujua ni za nani, wakatoa alama. Kisha zikaangaliwa rekodi za wagonjwa wao. Kwa robo ya wapasuaji waliopata alama za chini, asilimia 14.5 ya wagonjwa walipata madhara. Kwa robo ya juu, asilimia 5.2. Mimi nikiona tofauti kama hiyo, siwezi kukubali kwamba mikono ya mpasuaji ni siri yake.

Kurekodi chumba kuna historia ya machungu zaidi. Korea Kusini, mwaka 2016, kijana alipasuliwa taya katika kliniki moja, akavuja damu nyingi, akafariki baadaye. Mama yake alizipata picha za kamera ya chumba kile, akazitazama tena na tena. Aliona daktari mkuu akitoka na kumwachia kazi mwingine asiye na uzoefu, huku wahudumu wakipiga deki damu ya mwanawe sakafuni. Mwezi Agosti 2021 bunge likapitisha sheria, na ikaanza kutumika Septemba 2023: chumba chochote anamopasuliwa mtu aliyelazwa usingizi lazima kiwe na kamera, mgonjwa au ndugu akiomba arekodiwe, na picha zitunzwe angalau siku 30. Sauti hairekodiwi mpaka mgonjwa na wahudumu wakubali.

Madaktari wengi wa huko walipinga. Hofu yao naiheshimu: anayejua kila kosa litapelekwa mahakamani anaweza kuwakwepa wagonjwa wenye hali ngumu. Ila mtu asiye na fahamu hana namna nyingine ya kujua nani alimshika.

Na simu je? Mhudumu anayepiga picha thieta na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp anavujisha siri ya mgonjwa, hata kama uso hauonekani. Kovu au alama ya kuzaliwa humtambulisha mtu. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaziweka taarifa za afya katika kundi linalohitaji ulinzi wa ziada.

Ukiletewa fomu ya ridhaa yenye kipengele cha video, uliza itakaa wapi, nani ataiona, itafutwa lini, na kama utapewa nakala. Uliza pia kama ukikataa kurekodiwa utapasuliwa vilevile. Uliza kabla ya sindano ya usingizi, na ndugu mmoja awepo akisikia majibu.