Presha haijui rangi ya chumvi

Nimeletewa tena ujumbe ule ule, na mara hii umetoka kwa mwanafunzi aliyekaa darasani kwangu. Daktari amemwambia mama yake apunguze chumvi kwa sababu ya presha. Yeye akaenda supamaketi, akarudi na pakiti ya chumvi ya pinki ya Himalaya, akaitupa ile ya jikoni. "Sasa mwalimu, Bi Mkubwa anatia anavyopenda, maana hii ni ya asili, haina sodiamu ya kiwandani."

Mimi ninafundisha upishi wa nyumbani, na chumvi za bei ghali ni sehemu ya kazi yangu: nazinunua, nazionja, nawaonjesha watu. Nazipenda sana, na ndiyo sababu nakasirika. Mama huyo anakula sodiamu ile ile aliyokatazwa, yaani ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, na huenda sasa anakula zaidi kuliko mwanzo, kwa kuwa mwanawe amemwondolea woga.

Basi niseme wazi. Chumvi ya bahari ni kloridi ya sodiamu. Ya pinki ni kloridi ya sodiamu. Ile ya kijivu ya Ufaransa inayouzwa kwenye vikopo vya udongo, nayo ni hiyo hiyo. Katika uzito wa kloridi ya sodiamu, karibu asilimia 39 ni sodiamu, na mwili hauna namna ya kujua kama ilitoka Guérande ya Ufaransa, Khewra ya Pakistan au Gongoni ya Kenya. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na hesabu hiyo inajumlisha iliyomo kwenye mkate, soseji na vile vidonge vya kukoleza mchuzi. Gramu 5 za pinki ni gramu 5.

Neno "asili" ndilo linaloharibu kazi. Chumvi ya pinki inachimbwa ardhini huko Khewra, katika jimbo la Punjab, Pakistan, kutoka kwenye bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Rangi yake ni madini ya chuma. Hayo "madini 84" yanayoandikwa kwenye pakiti yamo kwa viwango vidogo kiasi kwamba, ukitaka yakufae, chumvi yenyewe itakudhuru kwanza. Konzi moja ya karanga ina magnesiamu nyingi kuliko utakayoipata kwenye chumvi ya pinki ya siku nzima. Ukitaka chuma, kula dagaa, maharage na mchicha. Sitaki kulizungumza hili tena.

Watu wengine hudhani chumvi ya bahari imebeba kila kilichomo baharini. Ukiona inavyotengenezwa utajua kwamba ufundi wote uko kwenye kuacha vitu nyuma. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina nyingi. Mvunaji wa Saadani, wa Lindi, wa Pemba au wa Guérande anafanya jambo moja: anayaingiza maji ya bamvua kwenye mabwawa yenye kina kifupi, halafu anaviachia jua na upepo kazi. Chokaa hutangulia kuganda, ikifuatiwa na jasi, na vyote viwili hubaki kwenye mabwawa ya mwanzo. Maji yakishapungua hadi kufika kama sehemu moja ya kumi ya yalivyokuwa, ndipo chumvi yenyewe inapoanza kutoa chembe. Akizubaa hapo, maji yanayobaki yanajaa magnesiamu, yanakuwa machungu, na uchungu huo unaingia kwenye mavuno. Mvunaji mzuri huyamwaga kabla. Kwa hiyo ukiuziwa chumvi inayosifiwa "madini mengi", onja kwanza: ikiacha uchungu nyuma ya ulimi na kulowana ovyo hata siku ya jua, huenda ni chumvi ambayo haikumwagwa maji yake vizuri. Ile ya kijivu ya Guérande huachwa na unyevu na magnesiamu kidogo kwa makusudi, na ukijivu wake ni udongo wa chini ya bwawa. Hapo kiasi ndicho kinachotofautisha ufundi na uzembe.

Sasa nije kwenye kijiko, maana hapa ndipo uongo mwingi unapozaliwa, na hata wapishi wenzangu wanachangia.

Chukua kijiko cha chai, kijaze chumvi laini ya jikoni, kisawazishe kwa kisu, kipime kwenye mizani ndogo. Utapata kama gramu 6. Kijaze tena kwa chumvi ya magamba, ile myembamba inayovunjika vidoleni, kama ya Maldon inayotengenezwa Essex, Uingereza, tangu 1882. Mizani itasoma karibu nusu ya ile ya kwanza, na mara nyingine chini ya hapo. Chembe zake ni bapa na zina matundu kama piramidi tupu, kwa hiyo kijiko kimejaa hewa. Hiyo ndiyo siri yote ya "chumvi ya bahari ina sodiamu kidogo". Pakiti nyingi za kutoka Marekani zinaandika sodiamu kwa robo kijiko badala ya kwa gramu. Robo kijiko cha magamba lazima kionekane bora kuliko robo kijiko cha chumvi laini, kwa sababu kina chumvi pungufu. Ukiila gramu kwa gramu, tofauti inatoweka.

Mkanganyiko huo huo unaharibu mapishi. Mtu anaandika "kijiko kimoja cha chumvi ya bahari" halafu anaona amemaliza. Chumvi ipi? Iliyosagwa, ya mawe au ya magamba? Marekani wana chumvi mbili za kupikia maarufu, Diamond Crystal na Morton, zote zinaitwa kosher (chumvi ya chembe kubwa), na kijiko cha chai cha ya kwanza ni kama gramu 3 huku cha ya pili ni karibu gramu 5. Ukifuata mapishi yao kwa kijiko chetu cha chumvi laini, chakula kinaweza kufika mara mbili ya ukali, kisha unasema Wamarekani hawajui kupika. Andikeni gramu, jamani. Mizani ya jikoni siku hizi inauzwa kila mahali. Kwenye mkate na maandazi mimi sipimi chumvi kwa kijiko kabisa: gramu 10 kwa kila nusu kilo ya unga wa mkate, basi.

Lakini nisiwe mchoyo, kwa sababu ndani ya uongo huo kuna nusu ya ukweli. Chumvi ya magamba ikikaa juu ya chakula inagusa ulimi moja kwa moja, inayeyuka haraka, na unausikia ukali wake kuliko kiasi chake. Kwa hiyo inawezekana kweli kula sodiamu kidogo ukipunguza ndani ya sufuria na kumalizia juu ya sahani. Inawezekana, ila nina shaka. Ninachokiona kwenye nyumba za watu ni kwamba mchuzi unatiwa chumvi kama siku zote, halafu magamba yanaongezwa juu kwa sababu yamegharimu pesa. Jumla inapanda. Mgonjwa wa presha simshauri njia hii mpaka awe amezoea kupika na chumvi kidogo kwanza. Chumvi ambayo kweli ina sodiamu pungufu ni ile iliyochanganywa na potasiamu, na hiyo mwenye matatizo ya figo asiiguse bila kumuuliza daktari wake.

Kuhusu ladha. Yeyusha gramu 3 za chumvi laini kwenye nusu lita ya maji ya uvuguvugu, na gramu 3 za chumvi ya gharama kwenye nusu lita nyingine. Mwambie mtu akuchanganyie vikombe bila wewe kuona, uonje. Wanafunzi wangu wengi hawatofautishi. Mimi mwenyewe, kwenye viazi vya kuchemsha visivyo na kitu kingine, huwa nahisi ya kijivu ni laini zaidi na ina kitu cha ufukweni ndani yake. Ila nisingekula kiapo. Kuna siku naisikia na kuna siku siisikii, na nikishajua ni ipi kabla ya kuonja, bila shaka naisikia. Kwenye wali wa nazi, pilau au mchuzi wa papa sisikii chochote, na anayesema anasikia namheshimu lakini simwamini. Ukitumbukiza fleur de sel kwenye sufuria ya maharage umemwaga hela. Ile ni tabaka jembamba linaloelea juu ya bwawa siku za jua na upepo mwepesi, na mvunaji huliengua kwa mkono kabla halijazama. Umbo ndilo unalolilipia, na umbo hufa likigusa maji.

Chumvi moja inavunja kanuni hii, nayo ni chumvi nyeusi ya Kihindi, wanayotia kwenye chaat, vile vitafunwa vyao vya mtaani, na juu ya matunda. Hiyo inachomwa kwenye joto kali pamoja na viungo vya mimea mpaka itoe harufu ya yai lililochemshwa, kwa sababu ya salfa. Ladha yake ni nyingine kabisa hata ikiyeyuka. Ya moshi nayo inabaki na moshi wake. Nyeusi ya Hawaii ni mkaa na nyekundu ya huko ni udongo. Nzuri kwa macho, zaidi ya hapo sina la kusema.

Basi zitumike wapi? Mahali pakavu au penye mafuta, dakika ya mwisho. Yai la kuchemsha lililopasuliwa kati, parachichi, samaki wa kuchoma akishatoka kwenye makaa, muhogo wa kukaanga ukiwa bado unachuruzika mafuta. Kachumbari hapana, kwa sababu nyanya inatoa maji na magamba yanapotea kabla sahani haijafika mezani.

Mahali ninapoipenda kuliko pote ni kwenye embe bichi. Si lile gumu la kijani kabisa. Lile lililoanza kugeuka njano karibu na kokwa. Likate vipande vinene, vipanguse kwa kitambaa safi, maana juisi ya juu ndiyo adui. Nyunyiza pilipili ya kusaga kwanza, halafu vunja magamba kwa vidole ukiwa umeinua mkono, yaanguke kwa kutawanyika. Ukitazama kwa karibu utayaona yamesimama makavu, meupe, yana kona. Punde kingo zinaanza kung'aa kama kioo, kisha yanalegea na kuwa tone. Kula kabla ya tone. Unapata kishindo kidogo cha chumvi, kisha uchachu, kisha pilipili inachelewa kuja. Chumvi laini haiwezi kukupa mpangilio huo, kwani kila kitu kinafika kwa pamoja. Hapa bei inajilipa, na pakiti ndogo inakutosha msimu mzima wa maembe.

Jambo la mwisho ni zito, na linapuuzwa kuliko yote: madini joto, yaani ayodini. Sheria za Tanzania na Kenya zinataka chumvi ya kuliwa iwekwe madini joto, na kulikuwa na sababu. Nyanda za Juu Kusini, Mbeya, Iringa na Rukwa, wazee wanakumbuka rovu shingoni mwa watu kwa kukosa madini joto, na upungufu huo huo kwa mjamzito unaathiri ubongo wa mtoto aliye tumboni. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Watu wananiambia, "Lakini hii ni ya bahari, si ina madini joto yake?" Haina ya kutosha. Madini joto ya bahari yako kwenye samaki na mwani. Kwenye chumvi iliyokaushwa kwa jua yanabaki kidogo mno. Ya pinki pia haikutoshi, na chumvi nyingi za anasa kutoka Ulaya hazijaongezwa kitu. Ukiitupa chumvi ya jikoni na kupikia pinki peke yake kwa kuwa una mimba na unataka "kula vizuri", umefanya kinyume cha ulichokusudia.

Hapo nami nina mgogoro wangu. Chumvi ya mawe ya pwani yetu, inayouzwa kwa kipimo kwa ajili ya kutia ng'onda, mara nyingine ina chembe nzuri zisizopitwa na za Ufaransa, kubwa, safi, bila uchungu. Natamani kuwaambia watu waache zinazoletwa kwa ndege wanunue hiyo. Lakini nyingi ya hiyo ya vipimo haina madini joto, na siwezi kuishauri kwa sufuria ya kila siku ya familia yenye watoto. Kuipulizia madini joto ikiwa bado ya mawe kunawezekana, na ingefungwa kwenye pakiti ndogo tungekuwa na chumvi ya kujivunia kwa bei ya watu wa kawaida. Mpaka hapo, ninavyofanya ni hivi: chumvi laini yenye madini joto kwenye kila kinachopikwa, ya mawe kwa samaki na achari, ya magamba kwa mezani tu.

Wanaouliza waanze na ipi: ya magamba, pakiti ndogo kuliko zote, msinunue kinu cha kusagia. Hewa yetu ya pwani itailowesha ndani ya siku chache ikikaa wazi, kwa hiyo itieni kwenye chupa yenye mfuniko wa kubana na punje chache za mchele mkavu, na mtoe kiasi cha mlo mmoja kwa kijiko kikavu. Yenye madini joto nayo ifunikwe, iwe mbali na mvuke wa jiko na jua la dirishani, maana madini joto yanapungua ikiachwa wazi.