Sigara na kisukari: tunayoyasikia kliniki

"Sigara haina sukari, itanipandishiaje sukari?"

Swali hili haliishi, na kwa kweli si la kijinga. Nikotini huuamsha mwili utoe adrenalini, ini likamwaga sukari kwenye damu, na insulini, homoni inayoshusha sukari, nayo ikafanya kazi kwa shida. Ndiyo maana mvutaji ana uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili uliozidi wa asiyevuta kwa asilimia 30 hadi 40. Akishakuwa nacho, mishipa ya miguu hubanwa maradufu, kidonda cha kidole kikakataa kupona.

"Nikiacha nikaanza kutetemeka, hiyo ni arosto tu."

Hapa ndipo watu huumia. Chukua fundi wa jua kali pale Kamukunji: alfajiri amemeza glibenklamaidi, kidonge cha kushusha sukari, na chai ya rangi, hajala. Saa nne anatoka jasho, mikono inacheza, anafokea kila mtu. Anajiambia ni hamu ya sigara, anaenda kibandani kununua moja (sheria ya tumbaku ya Kenya ya 2007 inakataza kuuza moja moja, lakini nani asiyejua inakouzwa?). Huenda sukari yake imeshuka. Dalili hizo hufanana mno, na hakuna wa kuzitenganisha ila kipimo. Ikisoma chini ya 4 (mmol/L), anywe nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, apime tena baada ya dakika 15, kisha ale. Ikiwa sawa, basi huenda ni arosto. Hamu yenyewe kwa kawaida hupita baada ya dakika chache.

Isitoshe, mtu akishaacha, insulini huanza kufanya kazi vizuri zaidi, hata ndani ya wiki nane. Dozi ya zamani inaweza kumzidi, hasa anayejidunga insulini. Kwa hiyo mwambie muuguzi wako tarehe unayoacha kabla haijafika, upime mara nyingi zaidi wiki za kwanza, uandike kila namba kwenye daftari. Dozi usiipunguze mwenyewe.

"Nitanenepa, na unene ni mbaya kuliko sigara."

Wengi huongezeka, wastani wa kilo 4 hadi 5 mwaka wa kwanza, na sukari ya wengine hupanda kidogo kwa muda. Hata hivyo moyo na mishipa hufaidika zaidi. Peremende za kutuliza mdomo nazo hunenepesha. Tafuna karoti au tango.

"Shisha ni afadhali, moshi umepita kwenye maji."

Maji huupoza moshi, hayauchuji. Ugoro nao una nikotini ile ile.

"Plasta za nikotini ni hatari kwa mwenye sukari."

Plasta hizi hubandikwa ngozini ili kupunguza hamu ya sigara. Zina nikotini, kwa hiyo usiache kupima sukari, lakini hazina moshi wala lami. Muulize daktari au mfamasia kiwango kinachokufaa, na usimfiche kwamba una kisukari.